Kundi Lililofika Mwezini na Deni Lililolingoja Nyumbani

Hotuba kwa mafundi saa na vijana wa ufundi, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao bado mnajifunza kushika kibano mkono usitetemeke: asalaam alaikum, na habari za asubuhi.

Nimeitwa kuzungumza juu ya umoja. Mwenyekiti amenieleza kwamba mnataka kuunganisha meza zenu muwe na kampuni moja, stoo moja ya spea, na jina moja mlangoni. Akaniambia, "Mzee, wewe umekaa na saa miaka thelathini na tano, waeleze vijana faida ya kuungana." Nikamjibu kwamba nitakuja, ila sitaanza na faida. Nitawasimulia habari za kundi moja la watengeneza saa wa Uswisi, la Omega na Tissot, lililoundwa mwaka 1930 na kufikia mwisho wake mwaka 1983. Saa zake zimepita mikononi mwangu tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na inaniuma kila nikisikia kuanguka kwake kukisimuliwa kwa sentensi moja: "Wajapani waliwaua kwa saa za betri." Nitaonyesha leo kwamba sentensi hiyo inaficha zaidi ya inavyoeleza.

Nimekuja na hii. Ni Tissot ya marehemu mjomba wangu, saa ya kutia ufunguo, ilinunuliwa kabla sijazaliwa. Naipitisha kwenu ianzie mstari wa mbele. Ishikeni kingoni, kioo chake kina ufa, na msiitie ufunguo mpaka niseme.

Twendeni Uswisi. Kwenye mpaka wake na Ufaransa ipo milima iitwayo Jura. Theluji huko hukaa miezi, na zamani mkulima aliyezuiwa ndani na baridi alisogeza meza dirishani penye mwanga akatengeneza vipande vya saa. Nyumba hii ilikata meno ya magurudumu, ile ilifanya springi, nyingine ilichora uso wa saa. Kisha alipita mtu wa kukusanya vipande na kuviunga kuwa saa nzima. Mmoja wa wakusanyaji hao alikuwa Louis Brandt, kijana wa miaka 23, aliyeanza kazi katika mji wa La Chaux-de-Fonds mwaka 1848. Wanawe walihamia Biel mwaka 1880 wakaanzisha kiwanda, na mwaka 1894 wakatoa mashine ya ndani ya saa, nzuri mno, wakaiita Omega. Jina la mashine likalimeza jina la ukoo. Jirani kabisa na La Chaux-de-Fonds, katika mji wa Le Locle, Charles-Félicien Tissot na mwanawe Charles-Émile walikuwa wameshaanza yao tangu 1853.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na mtu asiye na hela ya mkate hanunui saa. Februari 1930 Omega na Tissot wakaunda kampuni mama mjini Geneva, Société Suisse pour l'Industrie Horlogère. Wenyewe walifupisha wakaiita SSIH, nami nitafanya hivyo. Mpango ulikuwa wa busara: Omega auze kwa wenye uwezo, Tissot auze kwa watu wa kati, wasigombanie mteja mmoja. Mwaka 1932 akaongezeka Lemania, kiwanda cha kijiji cha L'Orient kwenye bonde la Joux, mabingwa wa zile saa za kupimia mbio zenye vitufe ubavuni. Mwaka huohuo Omega ilipima mashindano ya Olimpiki ya Los Angeles kwa saa 30 za namna hiyo, na fundi mmoja tu wa kuziangalia. Vijana, mfikirieni fundi huyo. Saa thelathini, Olimpiki nzima, na hakuna wa kumkimbilia.

Serikali ya Uswisi nayo haikukaa kimya. Mwaka 1931 ilisaidia kuunda kundi la pili, kubwa zaidi, liitwalo ASUAG, la kushika viwanda vya mashine ghafi, springi za mizani (lile gurudumu linaloenda na kurudi kupima muda) na vipuri vingine ambavyo kila mtengeneza saa alivihitaji. Kisha mwaka 1934 ikaja sheria: hakuna kufungua kiwanda cha saa wala kukipanua bila kibali, na hakuna kupeleka nje mashine na vipande ovyo. Sheria hiyo iliwaokoa watu wakati wa njaa. Lakini ilikaa hadi miaka ya sitini, na ukuta uliojengwa kuzuia mafuriko ukikaa sana huzuia pia maji ya kumwagilia. Kwa miaka thelathini karibu kila karakana ilibaki na ukubwa wake na mipaka yake, nao wakazoea.

Sasa nataka tukae kidogo na Lemania, maana hapa ndipo fahari yote ilipo. Mwaka 1942 fundi wao Albert Piguet alikamilisha mashine ndogo ya saa ya kupimia mbio, upana wake milimita 27. Omega ikaichukua, na baadaye ikaipa namba 321. Nimewahi kufungua saa yenye mashine hiyo mara moja tu maishani. Niliondoa kifuniko, nikaweka lenzi jichoni, nikasahau kupumua. Mna gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama kama boma, na kila ukibonyeza kitufe gurudumu linasogea hatua moja, mkono mmoja unadondoka kati ya nguzo, mwingine unainuka, na akrabu ya sekunde inaondoka bila kusita. Kila chuma kimepigwa msasa hata upande ambao hakuna mteja atakayeuona.

Mwaka 1957 Omega iliiweka mashine hiyo ndani ya saa iitwayo Speedmaster. Wamarekani wa NASA walipotafuta saa ya wanaanga wao, walizitia saa za makampuni kadhaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 90, wakazitia baridini, wakazitikisa, wakaziweka mahali pasipo hewa. Machi 1965 waliipitisha Speedmaster peke yake. Julai 1969, walipofika mwezini, Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu kifaa cha humo cha kuhesabia muda kilikuwa kimeharibika, na Buzz Aldrin akatoka akiwa na yake mkononi, juu ya vazi. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipokuwa njiani kwenda mwezini kikapasuka tangi la oksijeni na vyombo vikazimwa ili kubana umeme, walihitaji kuwasha injini kwa sekunde 14 kurekebisha njia ya kurudi nyumbani. Sekunde hizo zilipimwa kwa saa ya mkono ya kutia ufunguo. Kazi ya mkono wa kijiji cha L'Orient ilikuwa pale.

Miaka hiyo SSIH ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa saa kamili nchini Uswisi, na wa tatu duniani. Miaka 11 baada ya hatua ya Aldrin, mabenki yalikuwa yamekaa mezani yakijadili nani azikwe na nani abaki.

Sawa, tuwaongelee Wajapani. Tarehe 25 Desemba 1969, mwaka uleule wa mwezini, Seiko waliweka sokoni Tokyo saa iitwayo Astron. Bei yake yen 450,000, karibu sawa na gari dogo la Toyota. Ndani yake hamna gurudumu la mizani. Mizani ya ile 321 hupiga mara 5 kwa sekunde. Ndani ya Astron kipande cha jiwe la kwatsi kinasukumwa na umeme wa betri kinatetemeka mara 8,192 kwa sekunde, na kinachotetemeka kwa kasi hiyo ni vigumu kukiyumbisha. Saa nzuri ya ufunguo hukosea sekunde kadhaa kwa siku. Astron ilikosea sekunde 5 kwa mwezi. Fundi mwaminifu akisikia hesabu hiyo hana ubishi.

Lakini sikilizeni hili, ndilo lililonileta hapa. Waswisi walikuwa nayo. Makampuni yao yalichanga fedha mwaka 1962 wakaanzisha maabara ya saa za umeme mjini Neuchâtel. Mwaka 1967 maabara hiyo ilikuwa na saa ya mkono ya kwatsi inayofanya kazi, na kwenye mashindano ya kituo cha kupimia nyota cha Neuchâtel mwaka huo, sampuli zao zilishika nafasi kumi za kwanza. Seiko walikuwa nyuma yao! Mwaka 1970 makampuni ya Uswisi, Omega akiwamo, yalianza kuuza saa zenye mashine ya kwatsi ya Beta 21 iliyotoka maabara hiyo. Mwaka 1974 Omega ikatoa saa ya kwatsi yenye kukosea sekunde 12 tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo msiniambie hawakujua. Walijua mapema kuliko wengine wote, na walijua vizuri.

Kilichowaponza ni nini, basi? Sababu moja haikuwa mikononi mwao, nami nitaipita haraka. Mwaka 1970 dola ya Marekani ilibadilishwa kwa faranga 4 na zaidi. Mwaka 1978 haikufika faranga 2. Saa ileile, kazi ileile, na Mmarekani anatakiwa kulipa mara mbili. Hakuna fundi wa kuziba tundu la namna hiyo kwa bisibisi.

Sababu nyingine zote zilikuwa ndani ya nyumba. SSIH ilikuwa kampuni moja kwenye karatasi. Omega alikaa Biel na kiwanda chake, mashine zake, mawakala wake na fahari yake. Tissot alikaa Le Locle na vyake. Miaka ya sitini na ya sabini kundi likawa linanunua majina: jina likiyumba, linanunuliwa, linaachwa pale lilipo likiwa na meneja wake na modeli zake. Likanunua hata jina la Hamilton la Marekani. Modeli zikazidi mpaka muuzaji mwenyewe hakuweza kuzitaja. Kila mwaka watu walihesabu majina waliyonayo wakadhani wanahesabu nguvu.

Mwaka 1971 walifanya mambo mawili ambayo kila nikiyakumbuka nasikitika. La kwanza, walinunua kundi la watengeneza saa za bei rahisi za Roskopf. Wazee hapa wanazijua: badala ya vijiwe vya yakuti pale kwenye nanga ya mizani kuna pini mbili za chuma, na pini zikilika, saa imekwisha. Ni ufundi wa tangu 1867, na ulikuwa ufundi wa heshima, uliomfanya maskini naye amiliki saa. Lakini mwaka 1971 mteja wa saa rahisi alikuwa mlangoni anavaa viatu vyake ili aende kwa saa ya betri, na ndiye waliyemtegemea.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka huohuo, chini ya paa hilohilo, mafundi wa Tissot walitoa saa yenye mashine ya plastiki, isiyohitaji mafuta, yenye vipande hamsini na kitu badala ya tisini na zaidi. Ya ufunguo ilikuwa, siyo ya betri, na haikuuzika. Ikaachwa. Tissot walikuwa na plastiki, Omega walikuwa na kwatsi, wote watoto wa baba mmoja, na plastiki na kwatsi hazikuwekwa mezani pamoja. Hakukuwa na mtu mwenye kauli ya kuwaita mafundi wa Biel na wa Le Locle katika chumba kimoja na kuwaambia wasitoke mpaka wameunda kitu kimoja.

Ndugu Mwenyekiti, uniwie radhi, hapa nageuka nyumbani. Mimi sipingi kuungana kwenu. Napinga kuungana kwa kibao cha mlangoni. Katika kikao cha jana nilisikia nusu saa nzima ikienda kwenye jina la kampuni na rangi ya kibao. Sikusikia nani atakuwa na kauli ya mwisho juu ya spea gani inunuliwe na ipi iachwe. Sikusikia kama fundi wa Kariakoo atakubali kumfundisha wa Temeke lile analolijua yeye peke yake. Hayo msipoyaamua sasa, mtakuja kuamuliwa na anayewadai.

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Kufikia 1981 madeni yalikuwa yamepanda mpaka mabenki makubwa ya Uswisi yakageuza sehemu ya deni kuwa hisa na kushika usukani. Mabenki yakatafuta cha kuuza kwa haraka, na wakaiuza Lemania. Ile ile ya mwezini. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado silimezi.

ASUAG, lile kundi la vipuri, nalo lilikuwa mahututi, kwa maana aliyekuuzia springi hawezi kupona wewe ukifa. Mabenki yakamwita mshauri wa Zurich, Nicolas Hayek, mzaliwa wa Beirut, apige hesabu. Hesabu yake ilisema: waunganisheni wagonjwa wawili wawe mwili mmoja, viwanda vya mashine viwe vimoja kwa majina yote, na saa rahisi msiwaachie wengine, kwa sababu anayeachia soko la chini ataondolewa na la juu. Mwaka 1983 makundi mawili yakawa moja. SSIH ikafutika miaka 53 baada ya kuundwa.

Kabla sijaendelea, tusiwasahau watu. Mwaka 1970 kazi ya saa Uswisi ililisha karibu watu 90,000. Katikati ya miaka ya themanini walibaki elfu thelathini na kitu. Fungeni macho muuone mji kama Le Locle, ambao barabara zake zimepangwa ili kila dirisha la fundi lipate mwanga, na madirisha yale hayana mtu. Vifaa vya miaka mingi viliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Katika mji huohuo, kwenye kiwanda cha Zenith, ambacho hakikuwa cha kundi hili, wenye mali Wamarekani waliagiza mwaka 1975 kazi ya saa za ufunguo isimame. Fundi mmoja, Charles Vermot, hakukubali. Alibeba vifaa na michoro ya mashine yao ya kupimia mbio, kidogo kidogo, akavificha darini na kuandika kila kimoja kilikokaa. Miaka ya themanini kiwanda kilipotaka kuitengeneza tena mashine ile, Vermot aliwapandisha darini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini lazima awepo mtu wa kuweka vipande vya koleo.

Yaliyofuata mnayajua, kwa hiyo nitayataja tu. Machi 1983 mjini Zurich ilizinduliwa Swatch, saa ya plastiki yenye kwatsi, vipande 51, mashine yake ikiundiwa moja kwa moja ndani ya kasha. Waliibuni mafundi wawili vijana wa kiwanda cha ETA pale Grenchen, Elmar Mock na Jacques Müller, chini ya bosi wao Ernst Thomke. Plastiki na kwatsi zilikutana mwishowe, miaka 12 baada ya saa ile ya Tissot, na zilikutana kwa sababu alikuwapo mtu wa kuamuru zikutane. Kundi jipya likaja kuitwa Swatch Group mwaka 1998. Magazeti humpa Hayek sifa zote, nami namheshimu, alifariki Juni 2010 akiwa kazini. Lakini mkiwasimulia watoto, watajeni Mock na Müller kwanza.

Lemania je? Ilipita mikono kadhaa. Ikawa pamoja na Breguet, jina la kale la saa, chini ya Investcorp, kampuni ya uwekezaji ya Bahrain, na mwaka 1999 Swatch Group ikalipa fedha kukirudisha nyumbani kile ambacho mabenki yalikiuza kwa dhiki. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na mwaka 2019 Omega walitangaza kwamba mashine ile ya 321, waliyoacha kuitengeneza tangu mwisho wa miaka ya sitini, inarudi. Walitenga karakana ndogo Biel, na humo kila saa huundwa na fundi mmoja tangu mashine mpaka mkanda.

Naona Tissot imefika kwa binti aliyekaa karibu na mlango. Mwanangu, sasa itie ufunguo. Kidogo tu, mizunguko mitatu minne, ukisikia inakaza uache. Iweke sikioni, usihesabu, sikiliza tu. Hiyo ni mara tano kwa sekunde, kama ya wale wa mwezini. Haya, mpe mwenzako.

Mwenyekiti, kama muda upo, napokea maswali.